Jinsi Maofisa wa Jeshi Wanavyochaguliwa, Tangu Zamani Hata Leo

Habari ninayotaka kuwaeleza ni hii: mtu hupataje kuwa ofisa wa jeshi, na ni nani amchaguaye? Wengi huwaona askari wakipita kwa gwaride, wakapendezwa na mavazi na miguu iliyokwenda sawasawa, wasijiulize yule atoaye amri alitoka wapi. Tena kijana wa Mungaa, katika nchi ya Wanyaturu, aliyemaliza masomo yake na kuitamani kazi hiyo, yampasa aijue njia, kwa maana asiyeijua njia hulipishwa na kila amwonyeshaye. Na iko sababu kubwa zaidi: nchi yetu iliwahi kutikisika kwa ajili ya jambo hili hili.

Tuanze na neno moja. Askari wetu humwita mkubwa wake «afande». Neno hili asili yake ni «effendi» la Kituruki, maana yake bwana. Lilifika kwetu pamoja na askari wa Kisudani, ambao Mjerumani Wissmann aliwaandika huko Misri mwaka 1889 ili wapigane pwani. Baadhi yao walipewa cheo cha effendi, nacho kilikuwa juu ya vyeo vyote vya Waafrika. Lakini effendi hakumwamuru Mzungu hata mmoja. Basi tangu mwanzo neno la heshima lilikuwako, bali mlango wa uofisa wenyewe ulifungwa.

Waingereza walipoitawala Tanganyika, jeshi lao lilikuwa King's African Rifles, ambalo watu waliliita Keya. Kuchaguliwa kwa askari wake kulikuwa kwepesi kueleza. Ofisa alizunguka wilayani, Bwana Shauri akawapa habari watemi na majumbe, na vijana wakaja kupangwa mstari. Walitazamwa urefu, kifua, meno na miguu. Kusoma na kuandika hakukuwa sharti. Maofisa walikuwa Wazungu, na wengi wa wale waliofanya ujeshi kuwa kazi yao ya maisha walifunzwa Sandhurst, chuo cha kijeshi cha Uingereza.

Katika Vita Kuu ya Pili yapata watu 87,000 wa Tanganyika waliingia jeshini. Walipigana Uhabeshi, ambako vita vya Colito vilikuwa mwezi wa Mei 1941, wakapigana Madagaska, wakafika Burma, ambako mji wa Kalewa ulitwaliwa mwezi wa Desemba 1944. Majina hayo mawili yalirudi nyumbani pamoja nao: kambi ya Dar es Salaam ikaitwa Colito, na kambi ya Tabora ikaitwa Kalewa. Lakini waliporudi, aliyekuwa sajini alibaki sajini. Katika miaka ya 1950 cheo cha effendi kilirudishwa katika Keya, kikawa daraja kati ya sajini na ofisa. Daraja lile lilikuwa jembamba, na upande wa pili haukufikika upesi.

Mtu asidhani kwamba ni Afrika tu iliyokuwa na milango ya namna hiyo. Katika Uingereza kwenyewe, hata mwaka 1871, vyeo vingi vya uofisa vilinunuliwa kwa fedha. Mwenye akili asiye na mali aliachwa nyuma. Marekani walipita njia nyingine. Chuo chao cha West Point kilianzishwa mwaka 1802, na mwombaji hawezi kuingia kwa barua yake peke yake. Hutakiwa kupendekezwa, na kwa kawaida ampendekezaye ni mjumbe wa Baraza la Kongresi wa kwao. Kila mjumbe anaweza kuwa na wanafunzi watano tu chuoni kwa wakati mmoja. Hivyo kila pande la nchi, hata lililo mbali na maskini, hupata nafasi yake. Lakini kupendekezwa si kuingia: baada yake chuo humpima afya, nguvu na masomo, na wengi waliopendekezwa hawapati nafasi. Mambo haya mawili, nafasi kwa kila sehemu ya nchi na kipimo kimoja kwa wote, ndiyo mizani ya habari yetu.

Sasa turudi kwetu. Uhuru ulipokaribia, vijana wachache wa Tanganyika walipelekwa Sandhurst. Mmoja ni Mirisho Sarakikya, mtu wa Meru. Mwingine ni Alexander Nyirenda, ambaye usiku wa uhuru, Desemba 1961, aliuweka Mwenge na bendera juu ya Kilimanjaro. Lakini jeshi, lililoitwa sasa Tanganyika Rifles, liliendelea kuongozwa zaidi na Waingereza. Askari walinung'unika juu ya mshahara, na juu ya vyeo walivyoona havifunguki. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa Colito waliasi, wakawakamata maofisa wao. Kesho yake wa Kalewa wakafuata. Tarehe 25 askari wa Uingereza, kwa ombi la Serikali, walishuka na kuwanyang'anya waasi silaha. Maasi yale hayana sifa, maana mwenye bunduki akidai kwa bunduki, asiye nayo hana pa kusemea. Hata hivyo aliye na busara huuliza pia ni kuni gani zilizowasha moto ule, na mojawapo ni mlango uliofungwa.

Jeshi lile likavunjwa. Mwalimu Nyerere akawaita vijana wa TANU wajiandikishe, na Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963, likawa kitalu cha askari. Tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi, na Sarakikya akawa mkuu wake. Colito ikaitwa Lugalo, kwa kukumbuka ushindi wa Wahehe juu ya Wajerumani mwaka 1891. Maofisa wakaanza kufunzwa nchini, na tangu mwaka 1976 chuo chao kiko Monduli, Arusha. Lakini mlango mpya nao ulikuwa na bawabu wake, yaani chama. Askari waliruhusiwa, tena walihimizwa, kuwa wanachama. Jambo hilo lilikoma mwaka 1992, vyama vingi viliporudi. Tangu hapo Katiba humkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa.

Na leo kijana wa Mungaa afanyeje? Kwanza ajue kwamba kwetu hakuna mbunge wa kumpendekeza. Nafasi za kujitolea katika Jeshi la Kujenga Taifa hutangazwa hadharani, na kuchagua huratibiwa na ofisi za Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa anapokaa mwombaji. Kwake yeye ni Ikungi, kisha Singida. Hutakiwa awe raia, mwenye afya, asiyeoa wala kuolewa, asiye na hatia ya jinai, mwenye vyeti halisi vya kuzaliwa na vya shule. Aliyepita huko aweza kuandikwa jeshini tangazo likitoka. Wanaoonekana kufaa kuwa maofisa huchujwa tena, hupelekwa chuoni, na waliohitimu hupewa kamisheni na Rais, aliye Amiri Jeshi Mkuu, wakaanza kwa cheo cha Luteni Usu.

Katika safari hiyo yote hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtu atoe fedha. Anayekujia kijijini akasema ana nafasi ya kuuza, huyo ni mwizi. Na mzazi auzaye ng'ombe ili ampe, amepoteza ng'ombe na nafasi pia. Lakini wakubwa nao wana wajibu. Akipita mpwa wa fulani mahali pa aliyestahili, hasara si ya mtoto mmoja tu. Mwaka 1964 ulitufundisha kwamba askari humtii kwa moyo yule anayejua kwamba alikipata cheo chake kwa haki, na nchi hulala usingizi nyuma ya jeshi la namna hiyo.