Kabati la Daktari Fielding na Seva Isiyo na Neno la Siri

Wiki jana mteja mmoja aliniuliza swali nililodhani nitalijibu kwa dakika tano. Ana kliniki ndogo ya ushauri nasaha hapa Nairobi, anataka programu ya kutunza rekodi za wagonjwa, na kabla hatujazungumza bei akaniomba nimwandikie ukurasa mmoja wa mahitaji ya ubora. Chuoni tuliikariri orodha hiyo kama sala: programu iwe na kasi, iwe salama, iwe rahisi kutumia, isianguke ovyo. Nikaketi kuandika, nikakwama kwenye neno "salama". Salama dhidi ya nani? Basi nikaanza kusoma historia na usiku ukaisha hivyo hivyo. Nayaweka hapa niliyoyapata kwa sababu najua wasomaji kadhaa wa blogu hii nanyi mnaandika programu za zahanati.

Tuanze enzi za karatasi. Usiku wa tarehe 3 Septemba 1971, watu walivunja ofisi ya daktari wa akili aitwaye Lewis Fielding kule Beverly Hills, California. Hawakutaka pesa wala dawa. Walitaka faili la mgonjwa mmoja, Daniel Ellsberg, yule aliyewapa waandishi wa habari nyaraka za siri za Pentagon kuhusu vita vya Vietnam. Waliopanga kazi hiyo, E. Howard Hunt na G. Gordon Liddy, walikuwa katika kikosi cha siri cha Ikulu ya Rais Nixon kilichopewa jina la mafundi bomba, maana kazi yake ilikuwa kuziba siri zinazovuja. Wazo lao lilikuwa rahisi: mtu humwambia daktari wake wa akili mambo asiyomwambia hata mkewe, kwa hiyo ukilipata faili umempata mtu. Siri ilipofichuka mwaka 1973, jaji William Matthew Byrne aliyafuta mashtaka yote dhidi ya Ellsberg, tarehe 11 Mei.

Kabati lenyewe la mafaili siku hizi limehifadhiwa katika makumbusho ya historia ya taifa kule Washington. Sijui kama kuna kitu kingine cha fanicha kilichopata heshima hiyo kwa kuvunjwa tu.

Kisa hiki kinatufundisha jambo ambalo orodha za chuoni huliruka. Sisi huwaza mwizi kama kijana mwenye kofia anayetafuta namba za kadi za benki. Rekodi za afya ya akili zina maadui wa aina nyingine: serikali, mwajiri, mume anayetaka talaka, mpinzani wa kisiasa, mfanyakazi wa kliniki yenyewe anayemfahamu mgonjwa kutoka kanisani. Mwaka mmoja tu baada ya Beverly Hills, seneta Thomas Eagleton aliondolewa kwenye nafasi ya mgombea mwenza wa urais wa Marekani baada ya siku 18, kwa kuwa ilijulikana aliwahi kulazwa na kutibiwa mfadhaiko kwa mshtuko wa umeme. Lakini karatasi ilikuwa na kinga yake ya ajabu: mzito wa kubeba. Mafundi bomba walilazimika kupanda ndege, kuvunja mlango, na kutafuta faili moja.

Kompyuta ilikuja wakati huo huo. Katika hospitali ya Rockland State iliyoko Orangeburg, jimbo la New York, kulijengwa mfumo wa kuunganisha rekodi za wagonjwa wa akili wa majimbo kadhaa, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Uliitwa Multi-State Information System, na kati ya majina yanayotajwa nao ni Nathan Kline na Eugene Laska. Fikiria jamani: wakati kompyuta moja inajaza chumba kizima, tayari kuna mtu amekusanya ndani yake wagonjwa wa akili wa majimbo mbalimbali. Wenyewe waliona hatari, na jambo lililonifurahisha ni kwamba hawakuishia kwenye maneno ya siri. Mwaka 1972 jimbo la New York liliweka kifungu cha sheria kinachosema rekodi zilizomo katika mfumo huo hazifunguliwi na mtu mwingine asiye taasisi iliyozileta, wala haziwezi kudaiwa kwa hati ya mahakama. Yaani waandishi wa programu waligundua kwamba kuna tundu ambalo hakuna msimbo unaoweza kuliziba, wakaenda kuliziba bungeni.

Kwetu tundu hilo lilikuwa kubwa kuliko tunavyopenda kukumbuka. Kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai ya Kenya kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na adhabu yake ilifika miaka miwili jela. Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba mnamo Januari 2025. Kabla ya hapo, daktari aliyeandika "mgonjwa alikunywa dawa ya wadudu kwa nia ya kujiua" alikuwa ameandika kipimo cha hatari kinachoweza kuokoa maisha, na papo hapo ameandika ushahidi. Unadhani wangapi waliandika "alikunywa kwa bahati mbaya"? Programu yako ingekuwa na usahihi wa asilimia mia moja wa kuhifadhi uongo.

Nitapita haraka kwenye jambo la tatu ingawa linastahili makala yake. Utambuzi wa maradhi ya akili hubadilika kuliko wa maradhi mengine. Katika toleo la tisa la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, kuvutiwa na watu wa jinsia yako kulikuwa na namba yake, 302.0, kama ugonjwa. Tarehe 17 Mei 1990 mkutano wa shirika hilo uliidhinisha toleo la kumi lisilokuwa nao. Je, jedwali lako la utambuzi lina safu ya tarehe, la toleo la orodha, la nani aliyeandika na nani aliyesahihisha? Au lina safu moja tu iitwayo "ugonjwa" ambayo itamfuata mtu hadi kaburini? Kuna utambuzi wa muda unaoandikwa saa nane usiku na daktari mchovu. Usifutwe, maana historia ya tiba ni historia, lakini usiachwe ukitembea peke yake bila masahihisho yake.

Sasa twende Ufini, maana huko ndiko somo lote lilikusanyika mahali pamoja.

Vastaamo ilikuwa kampuni ya tiba ya mazungumzo iliyoanzishwa mwaka 2008. Kiongozi wake, Ville Tapio, alikuwa mtu wa programu kama mimi na wewe. Mifumo ya hospitali iliyokuwapo haikuwafaa wataalamu wa tiba ya mazungumzo, kwa hiyo kampuni ikajitengenezea wa kwake. Kusema kweli sehemu hii naisoma kwa huruma. Programu ilikuwa rahisi kutumia, wataalamu waliipenda, kampuni ikakua, ikawa na matawi zaidi ya ishirini. Kwa kipimo cha mahitaji tuliyokariri chuoni, alama nyingi angepata.

Sheria ya Ufini wakati huo iligawa mifumo ya wagonjwa katika makundi mawili. Ile iliyounganishwa na hazina ya taifa, Kanta, ilikaguliwa na watu wa nje. Ile isiyounganishwa ilitosha mtengenezaji aseme mwenyewe kwamba imetimiza masharti. Mfumo wa Vastaamo ulikuwa kundi la pili.

Na seva? Hifadhidata ya MySQL ilikuwa inafikika kutoka intaneti nzima bila fayawoli, tangu Novemba 2017 hadi Machi 2019. Mtumiaji mkuu, root, hakuwa na neno la siri. Soma tena sentensi hiyo. Maelezo ya vikao yalikuwa yamekaa hivyo hivyo bila kusimbwa, pamoja na jina la mgonjwa, anwani na namba ya kitambulisho. Data iliibwa mwishoni mwa 2018, na Machi 2019 mtu akaingia tena.

Kisha kimya. Mwishoni mwa Septemba 2020 kampuni ikapata ujumbe: lipeni bitkoini 40, wakati huo kama euro 450,000. Hawakulipa. Tarehe 21 Oktoba mtu aliyejiita ransom_man akaanza kuchapisha rekodi mia moja kila siku kwenye mtandao wa Tor. Halafu akakosea, kosa ambalo kila aliyewahi kutumia amri ya tar ataling'amua: faili liitwalo vastaamo.tar, lenye karibu gigabaiti 11, likapakiwa, na ndani yake hakukuwa na rekodi za wagonjwa tu bali folda nzima ya nyumbani ya mdukuzi. Wapelelezi walianzia hapo. Lakini wengine nao walikuwa wamelipakua.

Kampuni ilipokataa kulipa, mdukuzi aliwageukia wagonjwa mmoja mmoja. Barua pepe zikawafikia watu: euro 200 ndani ya saa 24, ukichelewa 500, ukigoma maneno uliyomwambia mtaalamu wako yatasomwa na kila mtu. Waliokuwa ndani ya data hiyo ni takriban 33,000, wakiwamo watoto. Namba ya kadi ya benki utaibadilisha kesho asubuhi. Ulichomwambia mtaalamu wako kuhusu baba yako hukibadilishi.

Vastaamo ilifilisika mwanzoni mwa 2021. Desemba mwaka huo ofisi ya ulinzi wa data ya Ufini ikaitoza faini ya euro 608,000, na miongoni mwa makosa ni kutotoa taarifa ya uvamizi wa Machi 2019 wakati ulipotokea. Aleksanteri Kivimäki alikamatwa Ufaransa Februari 2023, na Aprili 2024 mahakama ya wilaya ikamhukumu miaka sita na miezi mitatu. Alikana na kukata rufaa. Kati ya mashtaka kulikuwa na majaribio 20,745 ya ulaghai wa kutisha, na 20 yaliyofanikiwa. Watu ishirini tu ndio walihesabiwa kulipa. Nikiangalia tarakimu hizo mbili nashindwa kuamua kama zinanifariji au zinanisikitisha.

Ningependa kuwacheka watu wa Vastaamo lakini siwezi. Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo niliweka mfumo wa zahanati moja, na Jumamosi moja nikaifungua hifadhidata kwa intaneti ili nifanyie kazi nyumbani. Nilinuia kuifunga Jumatatu. Ilikaa wazi siku tisa. Neno la siri lilikuwapo, ndiyo, lakini lilikuwa jina la zahanati na mwaka. Kama kuna aliyeingia siwezi kujua, kwa kuwa sikuwa nimewasha logi yoyote. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nimeshawaambia wenyewe, miaka mitatu baadaye, na haikuwa simu rahisi.

Kwa hiyo ukurasa wa mteja wangu umegeuka. Neno "salama" nimelifuta. Mahali pake nimeandika kwamba maelezo ya vikao yakae hifadhi tofauti na miadi, malipo na dawa, ili mhasibu afanye kazi yake bila hata kujua yapo. Hilo nimelichukua kwa Wamarekani: kanuni zao za faragha za afya zilizotolewa Desemba 2000 zinayapa maelezo ya tiba ya mazungumzo ulinzi wa ziada, mradi yamewekwa mbali na rekodi nyingine. Nimeandika kwamba kila anayefungua faili aache alama, na kwamba kila Ijumaa mtu mwenye jina, si "msimamizi", azisome alama hizo. Nimeandika pia nani anapiga simu saa ngapi siku tukivamiwa, kwa sababu sheria yetu ya ulinzi wa data ya 2019 inatoa saa 72 za kumjulisha Kamishna, na saa 72 huisha upesi kama mnaanza kwa kutafuta namba ya simu.

Mteja alilipinga jambo moja, na nadhani ana haki. Alisema: siku mgonjwa wangu ananipigia usiku akiwa juu ya ghorofa, sitaki programu iniambie sina ruhusa. Ukifunga sana unaua, ukifungua sana unaua polepole. Hospitali hutatua hili kwa mlango wa dharura: mhudumu yeyote wa zamu anaweza kuvunja kufuli, lakini kengele inalia na kesho yake anaeleza sababu. Tumekubaliana hivyo. Mpango wa usalama wa mgonjwa, namba ya ndugu yake na dawa anazotumia vifunguke kwa dharura. Maelezo ya vikao hapana.

Kilichobaki ni funguo za kusimbua. Kliniki ina wataalamu wanne, umeme hukatika, na mmoja wao amewahi kupoteza simu mara mbili mwaka huu. Funguo zikikaa kwenye seva ile ile nimerudi Vastaamo. Zikikaa kwa mtaalamu peke yake, siku akiugua wagonjwa wake wamepotea naye. Nafikiria kugawa ufunguo vipande ili wawili wakikutana ufunguke. Kama kuna msomaji aliyewahi kuliendesha jambo hilo katika ofisi ndogo, si kwenye karatasi ya utafiti, naomba aniandikie kabla ya Alhamisi.