Saponifikasioni: neno tulilokariri, hesabu tuliyoacha



Nilipomaliza lisanse, mama mmoja wa Beni anayepika sabuni aliniuliza: "Mutoto wangu, wewe mwenye kusoma, kwa bidon moja ya mafuta ya ngazi natia soda kilo ngapi?" Nikaanza kumuimbia: saponifikasioni ni mafuta kukutana na soda, yanazaa sabuni na gliserini. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Ile najua," akasema. "Nimeuliza kilo ngapi." Nilinyamaza.

Tangu siku ile nikaanza kufuata historia ya hilo neno.

Kwanza, si geni sana. Warumi waliita sabuni sapo. Wafaransa walitoa mule saponification. Neno lile lile lilipita kwa Waarabu, wakasema sabun, na Waswahili wa pwani wakasema sabuni, mpaka likafika huku kwetu. Kumbe neno la somo la shimi na lile la sokoni Butembo ni ndugu wa ukoo mmoja.

Kazi nayo ni ya zamani. Sehemu nyingi za Afrika wazee walipitisha maji kwenye majivu, kama ya maganda ya ndizi, wakachemsha na mafuta. Sabuni ya majivu inabaki laini, kwa sababu majivu yana potasiamu. Soda ndiyo inaleta sabuni ngumu ya kukata vipande.

Kinachopita ndani ya sufuria kilielezwa na Mfaransa Michel Eugène Chevreul, katika kitabu chake cha 1823: mafuta ni asidi zilizofungwa kwenye gliserini. Soda inazifungua na kuzigeuza sabuni, gliserini inabaki huru. Mwaka 1879 Köttstorfer akaleta hesabu: miligramu ngapi za potasa zinamaliza gramu moja ya mafuta? Alitaka kukamata siagi iliyochanganywa na mafuta mengine. Ndiyo tunaita endisi ya saponifikasioni.

Basi jibu la mama ni hili. Endisi ya mafuta ya ngazi ni karibu 200. Kutoka potasa kwenda soda, zidisha na 0.713: unapata miligramu 143 hivi. Bidon ya litri 20 ina karibu kilo 18 za mafuta, kwa hiyo inaomba soda safi kilo 2 na nusu hivi. Lakini mafuta ya kokwa ya ngazi yana endisi ya karibu 245: bidon ile ile inaomba zaidi ya kilo 3! Soda ikizidi, inakula mikono ya mama na ngozi ya mtoto anayeogeshwa. Ikipungua, sabuni inabaki na mafuta, inaoza mbio.

Nchi yetu iliijua ngazi ya viwanda zamani. Mwaka 1911 Lever, tajiri wa sabuni wa Uingereza, alipewa na Wabelgiji haki ya mashamba makubwa ya ngazi Kongo. Watu wetu walipanda miti na kukata mikungu, wengi kwa nguvu. Hesabu ilikaa maabara.

Na sabuni kwetu si jambo dogo. Kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020 Ebola iliua watu 2,287, wengi wao huku kwetu. Kirusi chake kimevaa ganda la mafuta, na sabuni inalivunja. Kila mlango ulikuwa na ndoo ya kunawa.

Nilirudi kwa yule mama na karatasi. Kwa mafuta ya ngazi, kopo lake lilikuwa karibu kabisa na hesabu yangu. Alipofika kwenye mstari wa kokwa akasimama: "Ndiyo maana ile ilinishinda mara mbili, nikatupa."

Ndugu wenye diplome, karibu na kwenu nani anatupa sabuni kwa sababu hesabu ilibaki kwenye kaye yako?