Mhunzi Aliyekataa Kuchorwa Kama Bwana

Kwa karne nyingi huko Ulaya na Marekani, picha kubwa ya mtu aliyesimama, iliyochorwa kwa rangi za mafuta, ilikuwa fahari ya wafalme, majenerali na matajiri. Fundi alipochorwa, mara nyingi alikuwa mmoja tu katika kundi, bila jina. Hata mshonaji mashuhuri aliyechorwa na Giovanni Battista Moroni wa Italia katika karne ya 16, mkasi mkononi, jina lake limepotea.

Mwaka 1825, mhunzi Pat Lyon wa Philadelphia alimwendea mchoraji kijana, John Neagle, akitaka picha ya kimo chake kamili. Wakati huo Lyon alikuwa amekwisha kutajirika. Angeweza kuvaa koti la thamani na kuketi kando ya rafu ya vitabu. Alikataa. Alitaka achorwe kazini, kwenye fuawe, kwa kuwa hakujidai kuwa bwana mkubwa.

Sababu ya msimamo huo ilianza mwaka 1798. Lyon alikuwa ametengeneza makufuli ya milango ya hazina ya Benki ya Pennsylvania, kisha akaukimbia mji uliokuwa ukiteketea kwa homa ya manjano. Kijana wake wa kazi, aliyefuatana naye, alifariki kwa homa hiyo. Huku nyuma benki ikaibiwa zaidi ya dola 160,000, na mlango haukuonyesha dalili ya kuvunjwa. Wakuu wakakata shauri: aliyeweza kutengeneza kufuli ndiye aliyeweza kulifungua. Lyon aliposikia anashukiwa, alirudi mwenyewe kujieleza. Wakamtia katika gereza la mtaa wa Walnut.

Mwizi wa kweli, Isaac Davis, alijulikana baada ya kuweka fedha za wizi katika benki ile ile. Alikiri na kuzirudisha, lakini Lyon hakufunguliwa mara moja. Alikaa ndani miezi mitatu hivi. Mwaka 1805 baraza la mahakama liliamua alipwe fidia ya dola 12,000, na baadaye pande mbili zikapatana kwa dola 9,000.

Neagle aliyaweka yote hayo katika giza na mwanga. Karakana ina kivuli. Mwanga wa moto unaangaza aproni ya ngozi, shati lililofunguliwa kifuani na mikono ya shati iliyokunjwa. Nyuma, kijana anashughulika na mivukuto. Ukutani upo mchoro wa kanuni ya Pythagoras, ukikumbusha kwamba kufua chuma ni kazi ya akili pia. Dirishani, kwa mbali, unaonekana mnara wa gereza la Walnut.

Picha ilikamilika mwaka 1827 na sasa imo katika Museum of Fine Arts, Boston. Neagle alichora nyingine mwaka 1829, mwaka aliofariki Lyon. Hiyo imo katika Pennsylvania Academy of the Fine Arts, Philadelphia.

Zamani wakuu wa benki waliutazama ujuzi wa Lyon, wakaona ushahidi wa hatia. Yeye hakuuficha. Alilipia picha ambamo mikono ile ile iliyomfikisha gerezani ndiyo inayopata mwanga, na gereza lenyewe limebaki doa dogo dirishani.