Upatanisho Mpakani: Somo kutoka Historia ya Tarime na Serengeti

Bwana wetu aliposema mlimani kwamba wapatanishi wana heri (Mt. 5:9), hakueleza jinsi upatanisho ufanywavyo. Aliwaachia wanafunzi wake waijifunze kazi hiyo mahali wanapoishi. Makala haya yanakusudia kuitazama katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ambako ugomvi wa mipaka na mifugo una historia ndefu. Upatanisho nao una historia yake huko, ingawa husimuliwa kwa nadra.

Tuanze na desturi ya kale ya majirani. Mwanazuoni wa Kenya, A. B. C. Ocholla-Ayayo, katika kitabu chake cha 1976 juu ya maadili ya Wajaluo wa kusini, ameeleza jinsi vita vya Wajaluo na Wamaasai vilivyokomeshwa. Wazee, wanawake na watoto wa pande zote mbili walikusanyika mpakani. Miti yenye utomvu unaodhuru macho ilikatwa, ikapangwa kuwa uzio, na wapiganaji wakaweka silaha zao juu yake. Mbwa mweusi alikatwa vipande viwili, damu yake ikatiririka mpakani. Kisha akina mama wenye watoto wachanga walibadilishana watoto, kila mmoja akamnyonyesha mtoto wa adui. Wazee wakaomba, wakamlaani yeyote ambaye angeuvuka mpaka ule kwa nia mbaya. Msomaji wa Mwanzo 15 atawakumbuka wanyama waliopasuliwa. Mimi huvutwa zaidi na utaratibu wenyewe: silaha zilitangulia, watoto wakafuata. Hakuna mama aliyetakiwa kumpitisha mwanawe mbele ya mikuki iliyokuwa bado mikononi.

Miongoni mwa Wakurya, ambao ni wengi Tarime na wanaishi pia Serengeti, kila ukoo mkubwa, yaani ikiaro, ulikuwa na inchama, baraza la siri la wazee, pamoja na iritongo, mkutano wa hadhara ambapo wezi wa ng'ombe walifichuliwa na kuadhibiwa. Udhaifu wa utaratibu huu ulijulikana: aliyemwibia mtu wa ikiaro chake alikuwa mhalifu, bali aliyeteka ng'ombe wa ikiaro kingine aliweza kuimbwa kama shujaa. Hatimaye ushujaa huo uligeuka biashara. Ng'ombe walivushwa kwenda kuuzwa Kenya, na bunduki zilizoenea baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 ziliongeza vifo. Katika miaka ya 2000 koo za Wanchari na Warenchoka zilipigana, na Wakristo wako katika koo zote mbili. Hapo ndipo mchungaji anapopimwa, kwa maana yeye naye amezaliwa ndani ya ukoo.

Je, Kanisa liliwahi kuuvuka mpaka wa namna hii? Liliwahi, ingawa kwa kusitasita. Wamenoni walifika Shirati mwaka 1934. Shirati ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Tarime mpaka Rorya ilipofanywa wilaya mwaka 2007. Uamsho ulipotokea hapo mwaka 1942, wamisionari wa Kimarekani na Wakristo wa Kiafrika waliungamiana makosa, jambo ambalo utaratibu wa misheni haukulizoea. Mwaka 1967 Zedekia Kisare, Mjaluo, aliwekwa kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hilo, akiwachunga Wajaluo na Wabantu pamoja. Baadaye kanisa hilo liligawanyika kuwa dayosisi mbili, Mara Kaskazini na Mara Kusini. Sioni sababu ya kuificha habari hiyo. Uamsho ulifungua njia, na njia hiyo ilihitaji kulimiwa kila mwaka kama barabara ya kijijini.

Sisi Walutheri tusijivune kwa kutazama ya wenzetu. Tunapenda kumkumbuka Luther akiwa mbele ya Kaisari huko Worms, na tunasahau safari yake ya mwisho. Januari 1546, akiwa mzee na mgonjwa, alitoka Wittenberg katika baridi kali kwenda kuwapatanisha masultani wa Mansfeld, ndugu kwa ndugu, waliogombania haki na mali. Mapatano yalitiwa sahihi, na tarehe 18 Februari akafa hapo Eisleben. Tena katika Katekisimu Kubwa ya 1529, akifafanua amri ya tano, alifundisha kwamba aliyeweza kumlinda jirani na asimlinde anahesabiwa kuwa ameivunja amri, hata kama mkono wake haukumgusa.

Fundisho hilo linatuleta katika jambo linalowagusa wachungaji wa wilaya hizi hata leo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini wazee wale wale wa inchama, wenye hekima ya kupatanisha, ndio waliozoea kuyaruhusu majira ya tohara. Wasichana hukimbia. Masanga, wilayani Tarime, wamepokewa na masista Wakatoliki. Mugumu, Serengeti, nyumba salama ilifunguliwa mwaka 2014 chini ya Kanisa Anglikana. Majira yakiisha, watumishi wa nyumba hiyo huenda pamoja na maofisa wa ustawi wa jamii na polisi kuzungumza na wazazi. Mzazi akikubali, hutia sahihi ahadi ya kutomkeketa binti yake, ndipo binti hurudi nyumbani.

Nimewasikia watumishi wa Injili wakisema kwamba binti wa namna hiyo angeambiwa kwanza arudi akaombe radhi, kwa kuwa amri ya nne inaagiza kuwaheshimu wazazi. Wasemao hivyo wanaitakia jamaa amani, na sidharau nia yao. Hata hivyo wanageuza utaratibu ambao hata wapiganaji wa zamani waliushika: wanamtaka mtoto auvuke uzio wakati kisu kingali mkononi. Yeremia aliwakemea waliotangaza amani isiyokuwapo (Yer. 6:14), nao walikuwa makuhani na manabii.

Wasichana ambao wazazi wao walikataa kutia sahihi hubaki nyumba salama na kuendelea na masomo. Baadhi ya baba zao ni washarika. Jumapili ya Meza ya Bwana hupanga mstari pamoja na wengine, na mchungaji aliye na mkate mkononi anajua binti wa kila mmoja yuko wapi.