Siti binti Saad: Sauti ya Pwani, Nasaba ya Unyamwezi

Kila litajwapo jina la Siti binti Saad, fikra zetu huelekea Unguja, na ni haki zielekee huko. Alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, akapata sifa mjini, akafariki kisiwani humo mwaka 1950. Lakini mimi niandikaye haya nipo Kaliua, mkoani Tabora, na nawaomba malenga wenzangu tuutazame wasifu wake kutokea upande huu wa bara.

Shaaban Robert, aliyepata kumhoji Siti uzeeni mwake, alituachia kitabu Wasifu wa Siti binti Saad, kilichotoka mwaka 1958. Humo twasoma kwamba baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua. Twasoma pia kwamba jina alilopewa alipozaliwa ni Mtumwa. Amri ya kuondoa utumwa Zanzibar ilitolewa mwaka 1897, naye wakati huo alikuwa binti mkubwa. Jina hilo peke yake ni historia. Siti, yaani bibi mwenye heshima, alikuja kuitwa baadaye, na heshima hiyo aliipata kwa koo lake.

Unyamwezi na Unguja viliunganishwa na njia moja. Misafara ilitoka Bagamoyo ikapanda hadi Tabora, ikapita katika nchi aliyoitawala Mirambo, ikateremka Ujiji ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Pembe za ndovu zilishuka pwani mabegani mwa wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi waliofanya kazi kwa ujira. Watumwa nao walipitishwa njia hiyo hiyo. Kiswahili kikapanda bara na misafara, kikafika hata Kongo. Basi lugha ilikuja kwetu, na damu yetu ikaenda kwao.

Siti alianza maisha kwa kufinyanga vyungu na kuvitembeza mjini kuviuza. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafunzwa uimbaji, akaungana na wanamuziki kama Subeti Ambar, Maalim Shaaban, Buda Swedi na Mbaruk. Taarabu iliyopendwa katika jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliweza kuimba Kiarabu, lakini umaarufu wake ulijengwa na Kiswahili. Wenye wivu walimtungia kejeli juu ya vyungu vyake na asili yake, naye akajibu kwa shairi kwamba uzuri na ukoo si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Hilo ni jibu la binti aliyeitwa Mtumwa, na lilitosha.

Mwaka 1928 kampuni ya HMV ilimpeleka Bombay pamoja na wenzake kurekodi. Santuri zao ziliuzwa kwa makumi ya maelfu katika muda wa miaka michache, jambo lisilowahi kutokea kwa nyimbo za Kiswahili. Ziliingia hadi bara. Wakati huo reli ilikuwa imekwisha kufika Tabora tangu 1912 na Kigoma tangu 1914, ikipita hapa Kaliua, karibu na mapito ya misafara ile ile.

Kilichowavuta wasikilizaji hakikuwa sauti tu. Wimbo wake Kijiti unasimulia kisa cha kweli cha mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Mtuhumiwa akatorokea bara, na wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi wakawa ndio walioadhibiwa. Mwimbaji hapo hana budi kuwa msimulizi, shahidi na mlalamikaji kwa pamoja. Huo ni uigizaji, ingawa haukuwa na jukwaa la tamthilia wala kamera. Umm Kulthum wa Misri, aliyeishi zama hizo hizo, aliingia katika filamu mwaka 1936, na hata leo watu wanaweza kumwona akiimba. Siti hakupata filamu. Alichotuachia ni sauti iliyofungwa katika santuri, na santuri za zama zile zikianguka huvunjika.

Kwa hiyo nina neno moja kwa washairi. Tumezoea kuigawa lugha yetu, ushairi tukawapa watu wa pwani, nasi wa bara tukajiona wageni waalikwa. Wasifu wa Siti haukubali mgawo huo. Mwimbaji aliyeupa Uswahili sauti yake ya kwanza kubwa katika santuri alikuwa mwana wa Mnyamwezi na Mzigua. Simnyang'anyi Unguja mtu wake, maana huko ndiko alikolelewa na kupendwa. Nasema tu kwamba kijana wa Kaliua anayeketi leo kutunga shairi haombi ruhusa ya mtu. Anaendeleza kazi ambayo jamaa zake waliishiriki tangu mwanzo, ijapokuwa waliingia kwa mlango wa nyuma, tena wengine wakiwa na minyororo.