Taji la hanga si ushamba

Wasee, leo tuongee kuhusu milango.

Kila Desemba mtaani kuna mtu anachukua hanga ya waya, anaikunja iwe duara, anaizungushia matawi ya saiprasi, anafunga kitambaa chekundu halafu anaining'iniza mlangoni. Na kila Desemba kuna mwingine anapita, anapiga picha na kuiposti na zile emoji za kucheka. Ujumbe ni ule ule: kama huna pesa ya kununua lile la supamaketi, si uache tu?

Mimi nasema anayecheka ndiye hajui historia. Mapambo ya msimu ya mlangoni hayakuanzia dukani. Yalianza na majani, nyasi kavu na karatasi, vitu ambavyo mtu alikuwa navyo nyumbani ama angeviokota njiani. Na hayakuwa rahisi kwa bahati mbaya. Yalikuwa rahisi kwa sababu yalitengenezwa yaishe.

Tuanze na Roma. Mwaka wa 27 KK, Seneti ilitaka kumheshimu Augusto, mtu mwenye nguvu kuliko wote katika dola hiyo. Ndiyo, walimwekea ngao ya dhahabu kwenye jumba la Seneti. Lakini nyumbani kwake walileta nini? Majani. Miimo ya mlango wake ikavishwa laureli, na juu ya mlango likawekwa taji la majani ya mwaloni. Yaani bosi wa dunia yao alipewa matawi, na akaona ni heshima kubwa hadi akayataja mwenyewe katika maandishi aliyoacha kuhusu kazi za maisha yake.

Warumi wa kawaida nao walikuwa na lugha ya mlango. Laureli na taa zilimaanisha kuna sherehe. Tawi la saiprasi lilimaanisha kuna msiba. Eh, saiprasi, ndugu wa mti ule ule tunaoukata kwa fensi kila Krismasi. Huu wetu asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na ulipandwa huku enzi za ukoloni kwa ajili ya mbao. Na usiwacheke Warumi, kwa sababu hata kwetu duara la maua bado linasoma matanga. Shosho akitoka ushago apate shada jeupe mlangoni, swali la kwanza litakuwa: nani ametuacha? Kwa hivyo rangi unayochagua si mchezo. Mlango ni mahali ambapo nyumba inaongea kabla hujabisha hodi.

Halafu kuna wale wa kusema mapambo haya ni ya kipagani. Huo mjadala ni mzee kuliko unavyodhani, na mmoja wa waliouchochea mapema kabisa alikuwa Mwafrika. Tertullian, mwandishi Mkristo wa Carthage, karibu na Tunis ya leo, aliandika miaka kama 1,800 iliyopita akilalamika kwamba milango ya Wakristo ilikuwa na taa na laureli kuliko hata milango ya wasioamini. Alikuwa na sababu yake. Warumi walikuwa na miungu ya mlango wenyewe: Janus wa lango, Cardea wa bawaba, Limentinus wa kizingiti. Kwake, kupamba mlango kulikuwa kuwapa hao heshima.

Unaweza kukubaliana naye ama umkatae. Mimi kilichonishika ni kingine. Mwandishi mkali anakemea, na watu bado wanapamba. Kwa nini? Nadhani jibu ni rahisi: kitu unachovunja kwa mti bila kulipa, hakuna mtu wa kukufungia duka.

Twende Asia. Uchina, zamani, mwaka mpya ulipokaribia watu walitundika mbao za mti wa mpichi mlangoni zenye majina ya walinzi wawili, Shen Tu na Yu Lü, ili kufukuza mabaya. Baadaye mbao zikawa karatasi nyekundu, na majina yakawa mistari miwili ya maneno mazuri, mmoja kila upande wa mlango. Wino, karatasi, gundi, basi. Mwaka ukiisha, karatasi imepauka na kuchanika, unabandika nyingine. Kuna hata utani ndani yake: herufi ya baraka mara nyingi hubandikwa kichwa chini, kwa sababu kwa Kichina "imepinduka" na "imefika" hutamkwa sawa. Watu walikuwa wanacheza na maneno mlangoni kabla sisi hatujabuni Njaanuary.

Japani, mwaka mpya hutundika mlangoni kamba iliyosokotwa kwa mabua ya mpunga. Fikiria vizuri hapo. Mchele umevunwa, umeliwa, umeuzwa. Kinachobaki ni mabua. Hayo mabaki ndiyo yanayokaa juu ya mlango kukaribisha mwaka. Katikati ya Januari, sehemu nyingi, mapambo hayo hukusanywa na kuchomwa kwenye moto mmoja wa pamoja. Hakuna anayeyahifadhi kwenye boksi juu ya kabati.

Lakini si lazima tuende mbali hivyo. Pita Parklands ama Ngara wakati wa Diwali uangalie juu ya milango. Utaona majani ya mwembe yamepangwa kwenye uzi, mara nyingi na maua ya rangi ya machungwa katikati. Hiyo inaitwa toran, na ni ya Wakenya wenzetu wenye asili ya Kiasia, waliotambuliwa rasmi kama kabila la 44 mwaka wa 2017. Majani ya mwembe! Ukiwa Mombasa unayafagia kila asubuhi.

Na kama umelelewa Mkatoliki, wewe mwenyewe umeshafanya hii kazi bila kuiita jina. Jumapili ya Matawi unatoka kanisani na kuti, unalisokota liwe msalaba, mama analichomeka juu ya mlango. Linakaa hapo likikauka hadi mwaka unaofuata, ambapo matawi ya zamani huchomwa kupata majivu ya Jumatano ya Majivu. Ongeza pia harusi za ushago, ambapo migomba miwili inasimamishwa langoni na kila mgeni anajua amefika. Hakuna anayeuliza migomba imenunuliwa wapi.

Unaona mtindo? Laureli inanyauka. Karatasi inapauka. Mabua yanachomwa. Kuti linakuwa majivu. Linganisha na ile milango ya Lamu iliyochongwa, ile ya watalii kupiga picha. Hiyo ilihitaji fundi, mbao nzito na mwenye mali wa kulipa, na ilitengenezwa ikae vizazi. Mlango wa aina hiyo unasema mimi ni nani. Pambo la msimu linasema kitu kingine: sasa ni wakati gani. Na wakati ukipita, pambo linafaa kupita nalo. Ndiyo maana halikuhitaji kuwa la bei.

Hadithi ninayoipenda zaidi ni ya Hamburg, Ujerumani. Mwaka wa 1833 mwanatheolojia mmoja kijana, Johann Hinrich Wichern, alifungua makao ya watoto maskini yaliyoitwa Rauhes Haus. Watoto walikuwa wanamsumbua kila siku: Krismasi ni lini? Mwaka wa 1839 akachukua gurudumu la mkokoteni, akaliwekea mishumaa 24: minne mikubwa meupe ya Jumapili, na 20 midogo myekundu ya siku za kazi. Kila siku wanawasha mmoja zaidi. Hilo halikuwa la mlangoni, lilikaa ukumbini, lakini ndilo babu wa taji la Majilio linalowekwa leo makanisani, hata hapa Kenya. Matawi ya kijani yaliongezwa baadaye. Mwanzo wake ni gurudumu na watoto ambao hawakuwa na kitu. Siku hizi mtu akitundika gurudumu la baiskeli nje ya keja, tunasema ni mambo ya jua kali.

Basi tulifikaje hapa, ambapo taji "halisi" ni la plastiki? Viwanda. Sehemu kubwa ya mapambo ya Krismasi ya dunia hupitia Yiwu, mji ulio mkoa wa Zhejiang, Uchina. Nchi ile ile ya karatasi nyekundu ndiyo inayotuuzia majani ya kijani yasiyokufa. Yanapanda kontena, yanashuka bandarini, yanafika River Road, na baadaye unayapata supamaketi yakiwa na theluji ya bandia juu. Theluji, Nairobi, Desemba, jua likiwaka. Sina shida na biashara ya mtu, watu wanalisha familia na hizo bidhaa. Shida yangu ni pale kitu cha dukani kinapogeuka kipimo cha nani ana adabu ya sherehe na nani ni mshamba. Hapo ndipo mtu anakopa kwa simu ili mlango wake ufanane na wa TikTok, halafu Januari 5 anatafuta karo na kodi na taji bado linamwangalia.

Wengi wetu tulilelewa na tishu. Unajua ile ya waridi na ya bluu, unaisokota, unaivuta kutoka kona hadi kona, unamalizia na baluni na pamba kwa mti. Hakuna aliyetuambia hiyo ni bidii ya Kirumi. Tuliona aibu tulipokua, tukaacha. Mimi nasema turudishe, na tuilete mlangoni.

Ukitaka kuanza, vitu viko nyumbani. Hanga ya waya unaivuta iwe duara, ile ndoano ya juu inabaki ya kutundikia. Trei ya mayai unaikata kila kikombe kiwe ua lenye petali nne, unapaka rangi ama unaacha kahawia yake. Maganda ya mahindi yaliyokauka, ukiyalowesha kidogo, yanakunjika bila kuvunjika, na yakikauka tena yanashika umbo. Vipande vya kitenge, muulize fundi wa nguo, huwa anavitupa. Gundi ni unga wa ngano uliopikwa na maji hadi uwe mzito. Kama mlango wako ni wa chuma, kama wetu wengi kwa ploti, funga kwa kamba kwenye vyuma vya dirisha, usipake gundi ukapigana na kareteka. Lichomeke mahali pakavu, na mbali na jiko ama mshumaa, kwa sababu hivi vyote vinashika moto haraka.

Halafu Januari ikifika, lishushe. Maganda yaende kwa mbolea, waya urudi kubeba shati.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo lile la plastiki haliwezi. Augusto alipewa majani na akajivunia. Watoto wa Hamburg walipewa gurudumu. Wewe na hanga yako hamjachelewa na hamjapungukiwa. Mko kwenye foleni ndefu sana ya watu waliotazama walichonacho, wakakitundika nje, wakamwambia anayepita: humu ndani tunajua ni msimu gani, karibu.