Karatasi ya Kusoma na Karatasi ya Kubeba

Juma lililopita niliingia steshenari moja pale Ubungo Riverside kusoma tangazo la serikali. Nilidhani litafunguka mbele ya macho yangu. Wapi! Kompyuta ililimeza, ikalipeleka kwenye folda ya mafaili yaliyopakuliwa. Nilipolifuata humo nikakuta wengine wamenitangulia: wasifu wa waomba kazi, vyeti vya kuzaliwa, hata majibu ya hospitali.

"Mzee, hizo ni za wateja wa asubuhi," kijana wa duka akanieleza huku anacheka.

Mimi sikucheka. Ndugu msomaji, jambo hili lina historia yake.

Maktaba Kuu ya Taifa, aliyoifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, ina vitabu vya kuazima ukaenda navyo nyumbani, na vingine vya kusomea mle mle ukaviacha mezani. Mtandao nao ulihitaji mpango wa namna hiyo.

Mwaka 1993 programu ya Mosaic, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, iliwazoesha watu kuona maandishi na picha katika ukurasa mmoja. Mwaka huo huo kampuni ya Adobe ilitoa PDF, hati isiyobadilika sura popote ifunguliwapo. Lakini vivinjari vya siku zile havikujua kuisoma. Viliikabidhi kwa programu nyingine, au viliihifadhi tu.

Juni 1995, Rens Troost na Steve Dorner walipendekeza lebo ya kubandikwa kwenye barua pepe. Lebo hiyo huchagua moja kati ya mawili: hati ionyeshwe hapo hapo, au iwe kiambatisho cha kuhifadhiwa. Vivinjari viliiazima, na mwaka 2011 ikaandikiwa kanuni yake kwa ajili ya tovuti. Chrome ilipata kisomaji chake cha PDF mwaka 2010, Firefox ikafuata Februari 2013.

Kwa hiyo leo kivinjari kikipakua hati badala ya kuionyesha, chanzo huwa ama mipangilio ya kompyuta yenyewe, ama mwenye tovuti aliyebandika lebo ya kiambatisho au asiyeitaja hati ni ya aina gani.

Tusidanganyane: kuonyesha hakuokoi bando, maana kurasa ni zile zile zinazosafiri. Kinachopungua ni mafaili yanayobaki nyuma.

Nchini tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ya kwanza inataka karatasi za umma zisomeke; ya pili inataka za mtu binafsi zisitapakae. Folda ile ya Ubungo ilikwenda kinyume na shabaha ya zote mbili: tangazo la wote lilifichwa ndani, na cheti cha mtu kikaachwa wazi.

Nilimwomba kijana afungue mipangilio. Tukachagua PDF zifunguke ndani ya kivinjari, kisha akaifuta folda yote. Haikuchukua hata dakika tano. Lakini vyeti vile vilikuwa wazi tangu asubuhi, na kiti kile kilikaliwa na wengi kabla yangu.

Nawe ukienda steshenari, futa ulichopakua kabla hujanyanyuka. Tukutane juma lijalo.